Mchungaji John Chilembwe na vita isiyokuwa yake

Kila mara vita inapokaribia, swali moja hurudi katika mikutano ya vijana ya makanisa yetu: je, watakuja kutuandikisha kwa nguvu? Babu zetu wa hapa mashariki walilijua swali hilo. Katika vita ya 1914 hadi 1918 Wabelgiji walikusanya Wakongomani zaidi ya laki mbili kubeba mizigo ya jeshi la Force Publique, lile lililoteka Tabora mwezi wa tisa 1916. Wengi hawakurudi. Wakati huohuo, katika nchi ya Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, mchungaji mmoja Mbatisti alisimama na kusema hapana. Tunaeleza maisha yake, pamoja na ile sehemu inayotusumbua.

John Chilembwe alizaliwa karibu na mwaka 1871 katika eneo la Chiradzulu. Mwaka 1892 alienda kwa mmisionari Joseph Booth kutafuta kazi, akapewa kazi ya jikoni na ya kuangalia watoto. Booth alikuwa mzungu wa pekee: alichukia vita, tena alifundisha waziwazi kwamba Afrika ni ya Waafrika, jambo ambalo serikali haikulipenda hata kidogo. Mwaka 1897 akampeleka kijana wake Marekani. Kule Lynchburg, Virginia, Chilembwe alisoma theolojia katika chuo cha Wabatisti weusi. Utumwa ulikuwa umekwisha miaka thelathini na kitu tu, lakini aliwakuta watu weusi wakiongoza shule zao na makanisa yao wenyewe.

Alirudi 1900 akiwa amewekewa mikono, akaanzisha misioni kule Mbombwe. Aliwafundisha watu kusoma, kulima, kushona, kuvaa vizuri na kuacha pombe. Mke wake Ida alifanya kazi pamoja na akina mama. Mwaka 1913 kanisa kubwa la matofali lilikamilika. Sisi tunaojua uchungu wa kujenga kanisa kwa sadaka ndogondogo tunaelewa alivyolipenda jengo lile.

Lakini jirani yake kulikuwa na shamba la Magomero, mali ya familia ya Bruce, wajukuu wa David Livingstone yule tunayemsoma katika historia ya misioni. Waliokaa katika ardhi ile walilipa kwa jasho: kazi ya lazima iliyoitwa thangata, na juu yake kodi ya nyumba. Msimamizi, William Jervis Livingstone, alijulikana kwa ukali, na makanisa ya Chilembwe yaliyojengwa ndani ya shamba yalichomwa moto.

Kisha vita ikaja. Watu hawakuwa wamesahau kwamba vijana wao walikwisha kupelekwa kupigana mbali, Ashanti na Somalia, kwa ajili ya Waingereza. Mwezi wa tisa 1914 Wajerumani walishambulia Karonga, kaskazini mwa nchi, na askari weusi wakafa pande zote mbili. Wanaume walianza kukusanywa kuwa askari na wabeba mizigo, na hofu ikaingia vijijini.

Mwezi wa kumi na moja Chilembwe aliandika barua kwa gazeti la wazungu, kwa niaba ya watu wake. Hoja yake ilikuwa rahisi. Wakati wa amani Mwafrika hahesabiwi katika mema ya nchi. Kwa nini vita ikija ndipo anakumbukwa? Basi wenye mashamba, wenye maduka na wenye benki waende wao kupigwa risasi. Aliuliza pia nani atatunza wajane na yatima. Serikali ililizuia gazeti lile, na barua haikujibiwa.

Tungependa hadithi iishie hapo, kwa mchungaji na kalamu yake. Haikuishia hapo. Alikuwa mgonjwa, pumu ikimbana na macho yakififia, na serikali ilikuwa ikifikiri kumhamisha. Usiku wa tarehe 23 Januari 1915 watu wake walivamia Magomero. Wazungu watatu waliuawa, Livingstone akiwa mmoja wao. Wanawake na watoto wa kizungu hawakudhuriwa. Hilo lilikuwa agizo lake. Lakini kesho yake, siku ya Bwana, Chilembwe aliongoza ibada na kichwa cha Livingstone kimewekwa juu ya mti. Aliyekataa damu ya watu wake imwagwe bure alihubiri mbele ya damu. Sisi wenyewe tumelijadili jambo hili bila kupatana: wengine wanamwita shahidi, wengine wanasema aliuacha msalaba akashika mkuki. Wote tunakubali kwamba barua ile ilistahili jibu.

Wananchi wengi hawakuinuka pamoja naye. Tarehe 3 Februari aliuawa kwa risasi karibu na mpaka wa Msumbiji. Wafuasi wapatao 40 waliuawa kwa hukumu, mamia wakafungwa, na serikali ikalilipua kanisa la matofali kwa baruti. Tume iliyochunguza baadaye ilikiri kwamba watu walitendewa vibaya katika shamba lile.

Ukusanyaji wa wabeba mizigo haukusimama. Hadi vita ilipokwisha mwaka 1918, wanaume wa Nyasaland waliendelea kuchukuliwa, wakibeba risasi na chakula hadi nchi ya Wajerumani, leo Tanzania, na wengi walikufa kwa njaa na ugonjwa kuliko kwa risasi.

Mwaka 1926 Daniel Malekebu, aliyesoma utotoni katika misioni ile na kwenda Marekani akawa daktari, alirudi na mke wake, akapata ruhusa ya kuifungua tena. Waumini walianza kulijenga kanisa upya.