Tommy Flowers, Fundi wa Simu Aliyetunza Siri

Thomas Flowers alizaliwa tarehe 22 Desemba, 1905, katika mtaa wa Poplar, mashariki ya mji wa London. Baba yake alikuwa mwashi. Kijana alijifunza ufundi wa mitambo katika karakana ya silaha ya Woolwich. Mchana alifanya kazi, na jioni alikwenda darasani, mpaka akapata digrii ya ufundi wa umeme ya Chuo Kikuu cha London.

Mwaka 1926 aliingia kazi ya simu katika Idara ya Posta, na baadaye akahamishiwa Dollis Hill, mahali pa uchunguzi wa idara hiyo. Huko alijaribu kuunganisha simu kwa taa za kioo, mfano wa zile zilizokuwamo katika redio za zamani. Mafundi wengi walizidharau kwa kuwa ziliharibika upesi. Flowers alitambua kwamba zikiachwa zikiwaka bila kuzimwa, hudumu sana.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, majemadari wa Ujerumani walipelekeana habari kwa mtambo wa Lorenz, uliogeuza maneno kuwa fumbo. Waingereza wa Bletchley Park walitengeneza mashini ya kusaidia kulifumbua, lakini ilihitaji tepe mbili za karatasi ziende sawasawa, nazo zilikatika mara kwa mara. Flowers akashauri ijengwe mashini yenye taa kiasi cha 1,600, ambayo ingetumia utepe mmoja tu, kwa kuwa taa zenyewe zingefanya kazi ya ule wa pili.

Wakubwa wa Bletchley hawakuamini. Hata hivyo Flowers na wenzake wa Dollis Hill walishika kazi usiku na mchana, naye akatoa hata fedha zake mwenyewe. Kwa miezi 11 mashini ikawa tayari, ikaitwa Colossus, yaani jitu. Tarehe 5 Februari, 1944, ilianza kazi yake ya kutafuta jinsi magurudumu ya Lorenz yalivyopangwa, ikisoma herufi 5,000 kwa kila sekunde. Ya pili, yenye nguvu zaidi, ilianza tarehe 1 Juni, siku 5 kabla ya majeshi kushuka Normandy. Vita ilipokwisha zilikuwa 10.

Kisha ikaja amri ya kunyamaza. Mashini nyingi zilivunjwa, na Flowers mwenyewe akazitia michoro yake motoni. Serikali ilimpa paundi 1,000, zisizofikia fedha alizokuwa ametoa. Alipoomba mkopo benki ili ajenge mashini nyingine, alikataliwa, kwa kuwa benki haikuamini kwamba itafanya kazi. Naye hakuweza kujibu kwamba alikwisha kuijenga! Sifa ya kompyuta ya kwanza ya taa ikaenda kwa ENIAC ya Marekani, iliyoonyeshwa watu mwaka 1946.

Wahenga husema mcheza kwao hutuzwa. Flowers alicheza kwao, lakini hata jamaa zake hawakujua ngoma gani, mpaka siri ilipoanza kufunuliwa katika miaka ya 1970. Mwaka 1993, akiwa mzee wa miaka 87, alipata cheti cha mafunzo ya kwanza ya kompyuta katika chuo cha Hendon. Alifariki tarehe 28 Oktoba, 1998.

Wanafunzi wenzangu, sisi hupenda jina letu lisomwe mbele ya shule kila tufanyapo jambo jema. Tumkumbuke fundi huyu, aliyefanya kazi kubwa akakaa kimya miaka 30, na uzeeni akarudi darasani.