Karume, baharia aliyefika kwenye kiti cha nchi

Hapa kwetu Pinga, mtu akitaka kukunyamazisha katika mkutano anaanza kuuliza: wewe unatoka wapi kwanza? Babu yako alizikwa fasi gani? Tumeiona hiyo ata chimboni, siku ya kuchagua komite ya wabebaji. Mtu amebeba magunia miaka kumi, mgongo umekwisha, na siku ya kura wanamtafutia kijiji cha mama yake. Njo maana leo tumependa kuwaelezea wasomaji wetu habari ya Abeid Amani Karume, raisi wa kwanza wa Zanzibar, maana yeye naye aliulizwa hiyo swali mbele ya hakimu.

Zanzibar ni visiwa kwenye bahari ya Hindi, mbele ya Tanzania bara. Wazee wetu walikijua sana kile kisiwa kwa ubaya. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliyopita Manyema ilikuwa inaishia huko, na watu wengi wa upande wetu walienda wakabakia. Kiswahili hiki tunachosoma hapa kilipita njia hiyo hiyo, kikarudi kwetu na misafara.

Karume alizaliwa mwaka 1905, upande wa Mwera, kisiwani Unguja. Hivyo njo inaandikwa. Wapinzani wake walisema hapana, alizaliwa Nyasaland, ile nchi leo tunaiita Malawi. Familia yake ilikuwa ya watu wadogo, na masomo hakuyapata mengi. Alipokuwa kijana tu akashika kazi ya meli. Hapa tueleze vizuri, juu wengine wanamuhesabu kama mwanajeshi wa maji: hakuwa wa meli za vita. Alikuwa baharia wa meli za biashara, zile zinazobeba mizigo na watu kutoka bandari mpaka bandari. Alizunguka dunia hivyo miaka mingi, akafika mpaka Ulaya. Mweusi kwenye meli za wakati ule alipewa kazi ya jasho, na mshahara wake haukulingana na wa mzungu aliyesimama karibu naye. Mtu wa namna hiyo anajifunza mambo ambayo mwalimu hayafundishi. Anaona kwamba mfanyakazi wa London naye anagoma, naye ana chama.

Aliporudi nchi kavu, hakukaa mbali na maji. Wakati ule, meli kubwa zilisimama mbali kidogo kwenye maji marefu, na abiria na mizigo walishushwa kwa mashua ndogo. Wenye mashua walikuwa wanagombania abiria, kila mtu anapunguza bei ili ampite mwenzake, na mwisho wa siku wote wanarudi nyumbani na makuta kidogo. Sisi wa chimboni hatuhitaji kuelezewa hiyo. Nani hajaona wabebaji watatu wanashusha bei ya gunia moja mpaka mnunuzi anacheka? Karume na wenzake wakaunda sendika ya wenye mashua za mota. Wakawa na bei moja na zamu. Yeye akawa mkubwa wao. Kazi yake ya siasa ilianzia hapo, kwenye gati, na watu waliomjua kwa jina na kwa kazi. Alipenda pia mpira, na vilabu vya mpira vya Waafrika wakati ule vilikuwa fasi watu walikutana bila kuomba ruhusa ya serikali.

Kulikuwa tayari na African Association, chama cha Waafrika, tangu mwaka 1934. Karume akaingia, akapanda mpaka akawa kiongozi. Mwezi wa pili 1957 chama hicho kikaungana na watu wa chama cha Washirazi, Nyerere naye akiwasukuma waungane, na kikazaliwa kile kilichokuja kuitwa Afro-Shirazi Party. Mwaka huo huo kulikuwa na uchaguzi. Karume akasimama Ng'ambo, mtaa wa watu maskini nyuma ya mji wa mawe. Aliyeshindana naye ni Ali Muhsin, mkubwa wa chama cha Hizbu, mtu aliyesoma sana. Ile swali ikatoka: Karume si mtu wa hapa, asisimame. Kesi ikaenda kwa hakimu, na hakimu akamuacha asimame. Watu wa Ng'ambo wakapiga kura, baharia akamwangusha msomi, tena kwa mbali.

Miaka iliyofuata ilikuwa michungu. Katika uchaguzi wa mwezi wa sita 1961 watu walipigana na kuuana, wakafa 68. Mwezi wa saba 1963 chama cha Karume kikapata karibu kura 54 kwa 100, lakini viti 13 tu juu ya 31, maana mipaka ya majimbo ilikatwa namna ile. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963, wenye kura nyingi wakabakia nje ya serikali, sultani juu. Mwezi mmoja tu ukapita. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 vijana wakashambulia vituo vya polisi, mbele yao John Okello, mtu wa Uganda. Sultani akakimbia na meli. Watu wengi sana waliuawa siku zile, wengi wao Waarabu, wengine maskini tu sawa waliowaua. Hatutaipamba hiyo. Karume akawa raisi, na miezi haikupita mingi Okello akafukuzwa kisiwani. Tarehe 26 Aprili Zanzibar ikaungana na Tanganyika.

Mazuri yake yako wazi. Mashamba ya karafuu yalichukuliwa, familia maskini zikagawiwa eka tatu tatu. Shule na matibabu vikawa bila malipo. Akajenga majumba marefu ya gorofa, yale ya Michenzani yanaonekana mpaka leo, ili watu wa vibanda vya Ng'ambo wapate maji na taa. Mtu wa gati hakusahau fasi alipolala.

Lakini kuna jambo ambalo sisi watu wa sendika hatuwezi kulipita mbio. Yule aliyeinuliwa na chama cha wenye mashua, alipokaa kwenye kiti, alizima sendika. Kazi yao ikaingizwa ndani ya chama tawala, na mfanyakazi aliyekuwa na lalamiko akawa analalamika kwa yule yule anayemwajiri. Uchaguzi haukufanyika tena siku zote alizotawala. Wenzake wa zamani kama Abdulla Kassim Hanga na Othman Shariff walirudishwa kisiwani kutoka bara mwaka 1969, wakauawa. Mwaka 1970 wasichana wenye asili ya Kiajemi waliozeshwa kwa nguvu wakubwa wa serikali, na wazazi waliokataa wakafungwa. Chakula nacho kikapungua madukani, watu wakapanga mustari. Tumejadiliana sana kwenye komite yetu kabla ya kuandika hii. Mmoja wetu alisema tuache, mzee amekufa. Wengi tukasema mtu aliyebeba mzigo njo alipaswa kujua uzito wake.

Nyumbani alikuwa na bibi yake, Mama Fatma, na watoto. Wawili wanajulikana sana, Amani na Ali. Jioni, kazi ikiisha, hakupenda karamu za wakubwa. Alienda Kisiwandui, kwenye makao makuu ya chama, kucheza bao, ule mchezo wa kete na mashimo kwenye ubao, pamoja na wazee wenzake, kama zamani alipongojea meli.

Tarehe 7 Aprili 1972 alikuwa hapo hapo, kwenye bao. Wanajeshi wakaingia na bunduki. Mbele yao luteni Humud Mohammed Humud, kijana ambaye baba yake alikufa mikononi mwa serikali ile. Karume akafa pale pale, na Humud naye hakutoka hai. Walimzika Kisiwandui, karibu na fasi alipoangukia. Aboud Jumbe akachukua kiti.

Mama Fatma akabakia mjane. Mtoto wake Amani alikuwa na miaka 23 siku ile. Mwaka 2000 alichaguliwa raisi wa Zanzibar, akakaa miaka kumi, na wakati wake njo wapinzani na watu wa chama tawala walikubali kukaa katika serikali moja.