Sidi Mubarak Bombay, mtu aliyevuka Ugogo mara 6 kwa miguu

Siku hizi barabara za vumbi za Dodoma zinaona waendesha baiskeli wa aina mbili. Wa kwanza ni wewe msikilizaji wetu, mwenye madumu ya maji au gunia la mkaa nyuma, unayetoka Chunyu, Mvumi au Bihawana kabla jua halijawa kali. Wa pili ni wageni wenye baiskeli za matairi manene, wanaokwepa lami kwa makusudi na kutafuta njia za changarawe, vichaka na kingo za mito ya msimu. Wote wawili, mara nyingi bila kujua, hupita karibu na njia kongwe ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Leo tunamweleza mtu aliyeifahamu njia hiyo kwa nyayo zake.

Jina alilozaliwa nalo limepotea. Tunachojua ni kwamba alizaliwa kati ya Wayao, kusini, karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania na Msumbiji, kwenye miaka ya 1820. Akiwa mtoto wa miaka kama 12 kijiji chao kilivamiwa. Alipelekwa Kilwa, akauzwa, na mfanyabiashara wa Kihindi akamvusha bahari hadi Bara Hindi. Huko ndiko alikopata majina tunayomjua nayo. Sidi ni jina walilopewa Waafrika wa upande ule, na Bombay ni mji. Bwana wake alipofariki, akawa huru na kurudi Zanzibar, akaingia jeshi la Sultani. Alipangiwa ngome ndogo ya Chogwe, bara kidogo kutoka Pangani.

Mwanzoni mwa 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Chogwe. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Alijua Kihindustani cha kubabaisha, alichojifunza akiwa askari huko India, na Bombay naye alikijua. Basi lugha ya utumwani ikawa ndiyo kazi yake mpya. Mwafrika na Mzungu walivuka nchi yetu wakizungumza Kihindustani, na maneno ya Mgogo yalimfikia Speke baada ya kupita midomo miwili au mitatu. Tukisoma leo wageni walivyowaeleza wazee wetu kuwa wakali na wachokozi, ni vizuri kulikumbuka hilo.

Msafara uliondoka pwani Juni 1857. Baada ya milima ya Usagara misafara ilifika Chunyu, mahali ambapo jina lenyewe linakueleza habari ya maji yake. Mbele yake ilikuwa Marenga Mkali, karibu kilomita 50 bila maji ya kutegemewa, na mpagazi alikuwa na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Anayesukuma baiskeli yenye madumu mawili ya lita 20 anaweza kukadiria jasho lake, ila mpagazi hakuwa na tairi la kumsaidia. Misafara iliondoka mchana, ikatembea hadi giza, ikalala kidogo na kuamka kabla ya alfajiri. Ukiwa na safari ndefu mwezi wa Oktoba, mpango huo bado unafaa.

Baada ya kiu kulikuwa na hongo. Kila mtemi wa Ugogo alitoza kitambaa, shanga au waya kwa kupita katika nchi yake, kuchota maji na kununua chakula. Maarufu zaidi alikuwa Magomba wa Kanyenye. Wazungu walilalamika kurasa kwa kurasa, wakaita wizi. Sisi tunaona vingine. Katika nchi ambayo kisima huchimbwa kwa mkono na mvua huja miezi michache, msafara wa watu mamia unaokunywa kisima kikakauka ulikuwa na haki gani ya kupita bure? Kuhesabu vitambaa, kubembeleza, kungoja siku nzima au mbili hadi mtemi aridhike, hiyo ilikuwa kazi ya watu kama Bombay, maana bila maelewano hapakuwa na maji.

Ng'ambo ya Ugogo, baada ya Kilimatinde, ulianza msitu wa Mgunda Mkali, unaoelekea Tabora. Novemba 1857 walifika Tabora, wakati ule ikiitwa Kazeh, na Februari 1858 wakafika Ujiji. Agosti mwaka huo Bombay alikuwa na Speke walipoliona ziwa Nyanza upande wa Mwanza.

Mwaka 1860 Speke alirudi na James Grant, na Bombay akaenda nao. Mgunda Mkali uliwapokea kwa njaa na mvua, na wapagazi wengi wakatoroka. Waliendelea hadi Karagwe na Buganda, na Julai 1862 Speke akasimama Jinja, Nile inapotoka ziwani. Walitokea Misri. Katika safari hiyo Speke alimpiga Bombay ngumi mbele ya watu. Stanley baadaye aliandika kwamba ngumi hiyo ndiyo iliyomng'oa meno ya mbele.

Stanley mwenyewe hakuwa mpole zaidi. Alimwajiri Bombay mwaka 1871 kuwa nahodha wa walinzi wake, akamchapa njiani, akamwandika kuwa mvivu na mbishi. Msafara huo ulipita Mvumi na Bihawana, majina yaleyale unayoyaona leo kwenye mabango ya barabara. Novemba ya mwaka huo Bombay alikuwepo Ujiji Stanley alipomkuta David Livingstone. Walirudi pwani 1872 katika masika iliyofanya mabonde ya Usagara kuwa bahari.

Mwaka 1873 akatoka tena, na Verney Lovett Cameron. Oktoba wakiwa Tabora, Susi na Chuma waliwasili na wenzao wakiubeba mwili wa Livingstone. Wengi wangerudi nyumbani hapo. Cameron na Bombay walisonga mbele, wakavuka Kongo, na Novemba 1875 wakatokea pwani ya Atlantiki katika Angola ya leo. Inakadiriwa kwamba maishani mwake Bombay alisafiri karibu kilomita 9,600 ndani ya bara, nyingi kwa miguu. Ugogo pekee, kwa hesabu yetu, aliuvuka mara 6: kwenda na kurudi 1857 hadi 1859, kwenda 1860, kwenda na kurudi 1871 na 1872, na kwenda 1873.

Hakuacha maandishi yake. Yote tunayojua yametoka katika vitabu vya watu waliomlipa, na mara nyingine waliompiga. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya fedha na malipo ya uzeeni. Alifariki 1885. Wakati huo njia ileile bado ilikuwa ikipitisha pembe za ndovu na watumwa, yaani watoto waliochukuliwa kama alivyochukuliwa yeye. Hatujui aliwaza nini alipopishana nao hapa Ugogo.

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo katika orodha ya awali ya urithi wa dunia, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Mpwapwa na Kilimatinde ni za ukanda wetu. Anayetaka kuonja kipande kifupi aanzie Mpwapwa kwa baiskeli kuelekea Chunyu, mwezi wa Juni au Julai, mibuyu ikiwa imeanza kupukutisha majani na mchanga wa makorongo ukiwa mkavu. Maji ajaze Mpwapwa.