McIndoe: Fundi wa pua aliyechangia kuanzisha madaktari wa ndege

JINA la AMREF si geni Kitui na Makueni. Wachache wanafahamu, hata hivyo, kwamba mmoja wa waasisi wake watatu alipata sifa duniani kwa kuunda pua.

Sir Archibald McIndoe alizaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka wa 1900. Baada ya kusomea Marekani alihamia London 1930, akajifunza upasuaji wa kurekebisha maumbile kwa jamaa yake, Harold Gillies.

Vita Vikuu vya Pili vilipozuka 1939, alipewa hospitali ya East Grinstead, kusini mwa Uingereza. Huko aliletewa marubani walioungua nyuso na mikono ndege zao ziliposhika moto. Baadhi yao hawakuwa na kope wala pua.

Pua haikuwa kazi ya siku moja. Ngozi ya bega ilikatwa, ikakunjwa kama mrija, ncha moja ikashonwa puani huku ya pili ikiachwa ilikotoka ili damu isikatike. Mrija ulikatwa baada ya majuma kadhaa. Mtihani mkubwa ulikuwa ncha ya pua: ngozi isiyo na gegedu ya kuitegemeza hunywea, nayo ngozi nene mno huivimbisha pua kama kiazi. Wengine walirudi mezani mwa daktari kwa miaka.

Isitoshe, McIndoe aliruhusu pipa la bia wodini (jambo ambalo matroni wetu wasingelivumilia) na kuwaomba wenyeji wawaalike wagonjwa nyumbani bila kuwakodolea macho. Chama walichounda 1941 kilikuwa na wanachama 649 vita vilipokwisha.

Baadaye alitajirika kwa kurekebisha pua za wenye uwezo London, akanunua shamba chini ya Kilimanjaro. Mwaka wa 1957 yeye, Michael Wood, daktari wa Nairobi aliyefunzwa naye, na Tom Rees wa New York walianzisha huduma ya madaktari wa ndege. Enzi hizo, mtoto wa Mutomo au Kibwezi aliyeangukia moto jikoni alikuwa mbali mno na mtaalamu wa kuurudisha uso wake.

McIndoe hakuona matunda mengi. Alifariki London, Aprili 1960. Wood, aliyekuwa pia rubani, aliiendeleza kazi hiyo hadi uzeeni, akafariki 1987. Kufikia wakati huo shirika lilikuwa likiwafunza wahudumu wa afya wa vijiji huko Kibwezi.