Aga Khan wa Tatu na barua iliyotangulia magazetini

Ukimtajia mtu wa pwani jina la Kaloleni, fikira zake huenda moja kwa moja Ugiriamani. Kaloleni yangu mimi si hiyo. Ni mtaa wa Nairobi, upande wa mashariki ya mji, nyumba za mawe zilizojengwa na mateka wa vita wa Kitaliana katika miaka ya 1940 ili wakae wafanyakazi wa Kiafrika. Huko ndiko nilikolelewa, kwani marehemu baba alipata kazi Nairobi akatuhamisha sote kutoka Mombasa. Wengi huikumbuka Kaloleni kwa ukumbi wake, ambao wakubwa wa siasa walikuwa wakikutana humo. Mimi huikumbuka kwa kibaraza cha fundi mmoja wa cherehani, mtu wa Kibokoni, ambaye sisi watoto tukimwita Babu Fundi.

Mwezi wa Julai 1957 nilikuwa na umri wa miaka tisa. Idi ya Mfunguo Tatu ilikuwa imepita siku chache tu, na nguo za sikukuu zilikuwa hazijafuliwa bado, redio ilipotangaza kuwa Mtukufu Aga Khan amefariki huko Uswisi tarehe 11. Wazee waliokuwa kibarazani wakaanza kumkumbuka. Mmoja alitaja dhahabu aliyopimwa nayo hapa Nairobi mwaka 1937, mwingine almasi za Dar es Salaam za mwaka 1946, na wa tatu, mpenda mbio, akazihesabu farasi zake zilizoshinda Derby ya Uingereza mara tano. Babu Fundi alinyamaza. Kisha akauliza kama yuko anayekumbuka ile barua aliyowapelekea Waturuki. Hapakuwa na aliyeikumbuka, na kwa hivyo tukasimuliwa mpaka maghribi. Mengi niliyasikia kwanza kwake. Mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye, na hapa nimeyachanganya.

Sultan Muhammad Shah alizaliwa Karachi tarehe 2 Novemba 1877. Baba yake alipofariki mwaka 1885, mtoto huyo wa miaka saba akawa Imamu wa arobaini na nane wa Maismailia, ambao sisi huku tumezoea kuwaita Makhoja wa Aga Khan. Alisomeshwa elimu ya Kiislamu na ya Kizungu pamoja, na kabla hajatimiza miaka thelathini alikuwa amekwisha kuwa rais wa kwanza wa Muslim League ya Uhindi. Afrika ya Mashariki aliifikia mara ya kwanza mwaka 1899. Alirudi tena na tena, kwani wafuasi wake walikuwa wengi Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko.

Katika safari moja ya namna hiyo, ile ya mwaka 1914, vita vilimkuta yuko Unguja. Alijitoa mara moja kuwasaidia Waingereza, kisha akaenda London. Huko Lord Kitchener, waziri wa vita, alimwomba atumie jina lake kuwazuia Waturuki wasiingie upande wa Wajerumani. Alionana na balozi wao, Tewfik Pasha. Walikuwa wakijuana, na mazungumzo yao yalikuwa ya heshima, lakini mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika. Manowari mbili za Kijerumani, Goeben na Breslau, zilikuwa zimeingia Stambuli tangu Agosti na kupandishwa bendera ya Kituruki, na mwisho wa Oktoba zikaenda kupiga bandari za Urusi katika Bahari Nyeusi. Katikati ya Novemba ikatangazwa jihadi kwa jina la Sultani Mehmed wa Tano, Khalifa wa Waislamu.

Hapo ndipo Aga Khan alipofanya jambo ambalo Babu Fundi hakumsamehe. Alitoa tangazo la kuwataka Waislamu walio chini ya Uingereza wabaki watiifu kwa serikali yao. Hoja yake ilikuwa kwamba vita vile si vya dini, ila Uturuki imevutwa na Ujerumani kwa faida ya Ujerumani. Sayyid Khalifa bin Harub wa Unguja naye alisimama upande huo huo. Kwa upande wa pili, Wajerumani wa Tanganyika walikuwa wakiwatangazia askari wao Waislamu kwamba Khalifa yuko pamoja nao. Muislamu wa Tanga na Muislamu wa Mombasa wakaelekezeana bunduki, kila mmoja amekwisha kuambiwa kuwa haki iko kwake.

Baba yake Babu Fundi hakupewa bunduki. Alichukuliwa kuwa mpagazi wa jeshi la Kiingereza, akavuka mpaka na mzigo kichwani, wala hakurudi. Jina la wapagazi hao limebaki katika Kariakor ya Nairobi, si mbali na Kaloleni, na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kila alipokwenda Kariakor, mtoto wa mpagazi alikuwa akijiuliza baba yake alikufa akimchukulia nani mzigo ule. Hakuwapenda Wajerumani na jihadi yao ya kutengenezwa. Lakini aliona pia kwamba kutoa tangazo kutoka London ni jambo jepesi kuliko kubeba mzigo.

Na kuna jambo jingine ambalo mtu wa Afrika halisahau. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1918, Aga Khan alitaka ile iliyokuwa nchi ya Wajerumani, yaani Tanganyika, wawekewe Wahindi kuwa mahali pa kuhamia. Wenyewe wa nchi hawakuulizwa. Jambo hilo halikuwa, na nalitaja kwa sababu wanaoandika sifa zake huliruka.

Vita vilipokwisha mtu yule yule aligeuka kuwa mtetezi wa Waturuki. Washindi waliikatakata dola ya Uthmaniya vipande vipande. Wagiriki walishushwa Izmir mwezi wa Mei 1919, na Mkataba wa Sèvres wa Agosti 1920 ukawaachia Waturuki nchi ndogo isiyo na nguvu. Huko Uhindi Waislamu waliinuka kuutetea ukhalifa, wakiongozwa na ndugu wawili, Muhammad Ali na Shaukat Ali. Aga Khan hakuwa mtu wa maandamano. Yeye alishika njia ya magazeti ya London na milango ya mawaziri, akiwaonya kuwa kumvunja Mturuki ni kuwachoma moyo mamilioni ya Waislamu walioipigania Uingereza. Waziri mkuu, Lloyd George, hakusikia. Aliyemsikilizisha ni Mustafa Kemal, kwa mizinga: Izmir ikarudi Septemba 1922, na Oktoba Lloyd George akaanguka.

Tarehe 24 Julai 1923 mkataba mpya ulitiwa saini Lausanne, na Uturuki ikawa nchi huru yenye mipaka yake. Usultani ulikuwa umefutwa tangu Novemba 1922. Ukhalifa ulibaki peke yake, kama kilemba kisicho kichwa, kwa Abdulmejid, mtu mpole aliyekuwa mchoraji hodari wa picha.

Sasa tufike kwenye barua. Tarehe 24 Novemba 1923, Aga Khan pamoja na Syed Ameer Ali, mwanasheria mashuhuri wa Kihindi, walimwandikia Ismet Pasha, waziri mkuu wa jamhuri mpya. Hawakutaka Sultani arudi. Walichoomba ni kwamba Khalifa awekwe katika daraja ya heshima ambayo Waislamu wa dunia wataiamini, kwani kumdhoofisha yeye ni kuudhoofisha umoja wa Waislamu. Barua ilikuwa na adabu. Lakini magazeti ya Stambuli yaliichapa mwanzoni mwa Desemba kabla haijamfikia yule aliyeandikiwa.

Ankara kukawaka moto. Waliuliza ni nani hawa wanaotufundisha mambo ya Khalifa. Mmoja ni Imamu wa Maismailia, wa pili ni Shia, na wala mmoja wao hayumo katika madhehebu yanayomfuata Khalifa huyo. Wote wawili wanakaa kwa Mwingereza. Na mmoja ndiye yule yule aliyewataka Waislamu mwaka 1914 wasiuitikie wito wa Khalifa. Wahariri waliochapa barua walishitakiwa mbele ya mahakama maalumu, ingawa baadaye waliachiliwa. Tarehe 3 Machi 1924 Bunge likaufuta ukhalifa, na Abdulmejid na jamaa zake wakatolewa nchini.

Babu Fundi alikuwa kijana wa miaka kumi na saba habari hizo zilipofika Mombasa. Alikuwa akisimulia jinsi wazee wa Mji wa Kale walivyokaa kama watu wa matangani. Maisha yake yote aliamini kuwa Aga Khan ndiye aliyeuua ukhalifa kwa barua. Hapo mimi sikubaliani naye, Mungu amrehemu. Mustafa Kemal alikuwa amekwisha kuamua. Barua ilimpa kisingizio tu, na kumharakisha. Siasa yake ya nje ilikuwa kushika kilicho ndani ya mipaka na kuacha kudai kilicho nje. Nchi yenye Khalifa ingekuwa kila siku ikitazamwa na Mwingereza na Mfaransa kama inayowachochea raia wao Waislamu, wakati yeye alihitaji amani nao. Ndiyo sababu mwaka 1926 alikubali Mosul ibaki Iraki, mwaka 1932 Uturuki ikaingia katika Ushirika wa Mataifa, na mwaka 1936, huko Montreux, ikairudisha mikononi mwake milango ya bahari ya Stambuli pasipo kupiga risasi. Mwaka 1937 ilifunga mkataba na Irani, Iraki na Afghanistani, mataifa ya Waislamu, lakini kwa jina la ujirani, si la ukhalifa.

Mwaka huo wa 1937 ulikuwa na kichekesho chake. Mwezi wa Mei, Tevfik Rüştü Aras, waziri wa nje wa Uturuki, alikaa kiti cha rais wa mkutano wa Ushirika wa Mataifa ulioipokea Misri. Septemba kiti hicho hicho kikakaliwa na Aga Khan.

Huku kwetu alikuwa na kazi nyingine. Mwaka 1945 ilianzishwa Mombasa East African Muslim Welfare Society, yeye akiwa mlezi na mchangaji mkubwa, kujenga misikiti na skuli za Waislamu wasio wafuasi wake. Kisha ikaja skuli ya ufundi ya MIOME, aliyoichangia pamoja na Sayyid Khalifa, Mabohora na serikali. Ilifungua milango mwaka 1951, na siku hizi ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Kwa hivyo hapa pana mtihani ambao Babu Fundi alikuwa nao nyumbani mwake: mwanawe wa kwanza alitoka MIOME fundi wa umeme. Wazee walipomtania kibarazani kuwa anakula cha Aga Khan huku akimsema, alijibu kuwa deni la baba na ada ya mwana ni hesabu mbili, akaendelea kushona.

Abdulmejid alifariki Paris Agosti 1944. Serikali ya Uturuki ilikataa azikwe Stambuli, na maiti yake ilikaa miaka kumi katika msikiti wa Paris, hata mwaka 1954 ikazikwa Madina. Aga Khan alizikwa Aswan, Misri, juu ya Mto Nile, na uimamu akamwachia mjukuu wake Karim, aliyefariki mwaka 2025. Babu Fundi alirudi Mombasa baada ya uhuru. Cherehani aliiacha Kaloleni kwa mama yangu, naye aliishonea mpaka miaka ya 1980.