Wagoni ya Cecil Rhodes

Kule Afrika ya Kusini kuko watu wenye kutengeneza wagoni za abiria za zamani kwa kidogo. Wanazitengeneza kwa mbao ao kwa shaba ya manjano, ni kusema mukuba na zinki, vitu tunavyochimba hapa kwetu. Wanapima sana. Reli ya kule ina upana wa milimeta 1067, sawasawa na yetu ya Katanga. Ukiigawanya mara 64, inabaki milimeta 16 na kitu, na wagoni unaibeba mu mikono. Mutu akitaka kufanya ile ya Cecil Rhodes, iko Bulawayo, katika museum ya reli.

Huyu Rhodes alizaliwa Uingereza mwaka wa 1853, mutoto wa pasta. Mwili wake ulikuwa zaifu. Akiwa na miaka 17 alitumwa Natal, kwa ndugu yake aliyelima pamba. Mwaka wa 1871 akaenda Kimberley kwenye almasi. Alinunua mashimo ya wengine pole pole, na mwaka wa 1888 akaunganisha yote katika De Beers.

Hapa tusimame kidogo. Kimberley njo kulikomaa kampi za kufungwa. Mufanyakazi mweusi aliingia na kontra, hakutoka lupango mupaka iishe. Mbele ya kutoka walimuvua nguo, wakamupekua, wasije wakakosa jiwe alilomeza. Wazungu wa mine ileile walilala kwao. Mwenye kutengeneza wagoni ya Rhodes, ingefaa atengeneze na ile lupango pembeni.

Mwaka wa 1890 akawa mukubwa wa serikali ya Cape. Mwaka wa 1894 akaleta sheria ya Glen Grey: mwanaume asiyetoka kwao kwenda kutafuta kazi alipe shilingi 10. Hiyo njo namna ya kujaza mashimo.

Katanga pia aliitaka. Mwaka uleule wa 1890 Alfred Sharpe alifika Bunkeya kwa Msiri, na karatasi ya kutia alama. Msiri akakataa. Mwaka uliofuata wakaja watu wa Leopold, wakiongozwa na Stairs, na Msiri akauawa.

Reli ikapanda kaskazini, ikafika Bulawayo mwaka wa 1897, katika inchi iliyonyanganywa Lobengula kwa vita. Rhodes alisafiri humo katika wagoni yake mwenyewe. Alikufa tarehe 26 Machi 1902, Muizenberg, na miaka 48. Wagoni ileile ikabeba maiti yake mupaka Bulawayo, akazikwa katika milima ya Matopo.

Reli haikungojea. Ilivuka Zambezi mwaka wa 1905, ikafika Broken Hill mwaka wa 1906. Mwaka wa 1910 treni ya kwanza ikaingia Elisabethville, na mwaka uliofuata mukuba ukaanza kuyeyushwa pale.