Kabla ya ngamia ilikuwepo baiskeli: maisha ya T.E. Lawrence

WENGI wetu tukisikia jina la Lawrence wa Arabuni tunaiona mara moja ile filamu ya mwaka 1962: mtu mrefu mwenye kanzu nyeupe, juu ya ngamia, jangwa halina mwisho. Mtu mwenyewe hakuwa mrefu. Kimo chake kilikuwa kama sentimita 165 hivi, na kabla hajapanda ngamia hata mmoja alikuwa ameshamaliza maelfu ya kilomita juu ya kiti cha baiskeli.

Mimi nililisikia jina lake mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi uhamishoni, mkoani Kigoma, katika somo la historia. Lilikuwa nusu ya sentensi tu katika daftari: Mwingereza aliyewasaidia Waarabu kuwapiga Waturuki. Habari za baiskeli sikuzipata mpaka nilipokuwa mwalimu mwenyewe, nimesharudi nyumbani, nami kila siku nikipishana barabarani na wale vijana wetu wanaopandisha mlima na madumu ya mawese matatu kwenye keria. Ndipo nikaona kwamba huyu bwana nilikuwa nimefundishwa mwisho wake bila kufundishwa mwanzo.

Thomas Edward Lawrence alizaliwa tarehe 16 Agosti 1888 katika kijiji cha Tremadog, Wales, akiwa mtoto wa pili kati ya wavulana watano. Nyumbani waliitwa akina Lawrence, lakini jina hilo halikuwa la ukoo. Baba yake alikuwa Thomas Chapman, mwenye mashamba huko Ireland, aliyemwacha mke na binti zake wanne akaondoka na Sarah Junner, yaya wa watoto hao. Wawili hao hawakuwahi kufunga ndoa. Walichagua jina jipya, wakawa watu wa kuhama: Wales, Uskoti, kisiwa cha Jersey, mji wa Dinard katika pwani ya Ufaransa, kisha kusini mwa Uingereza, hadi mwaka 1896 walipotulia Oxford. Katika Uingereza ya wakati ule, aibu ya mtoto wa nje ya ndoa haikuwa jambo dogo, na mama alikuwa mcha Mungu mno. Ned, kama walivyomwita nyumbani, aliing'amua siri hiyo akiwa bado mtoto, akakaa nayo kimya.

Ndugu msomaji, sisi tuliokulia ugenini tunawafahamu watoto wa namna hiyo. Tunajua nyumba ambamo jina la mlangoni si jina la babu, na mtoto hufundishwa mapema maswali yapi asiyajibu. Sidai kwamba hilo pekee ndilo lililomfanya Lawrence awe alivyokuwa. Lakini mtu anayetafuta sababu ya kijana kupenda kuwa peke yake njiani anaweza kuanzia hapo.

Aliyemwingiza kwenye baiskeli ni baba yake, ambaye hakuwa na kazi ya kuajiriwa na alizipenda sana baiskeli na kamera. Akiwa shule ya sekondari mjini Oxford, Ned na rafiki yake Beeson walikuwa wakizunguka vijiji vya jirani kwa baiskeli, kanisa hata kanisa. Walichokifuata ni mabamba ya shaba yanayofunika makaburi ya kale, yaliyochorwa picha za mashujaa na mabibi wa zamani. Walilaza karatasi juu ya bamba, wakasugua kwa nta nyeusi hadi picha ikatokea, wakaikunja na kuifunga kwenye baiskeli. Chumba chake kilijaa karatasi hizo. Akafika mahali akajua silaha na mavazi ya vita ya karne ya 13 na 14 kuliko wengi waliomzidi umri.

Mwaka 1906, akiwa anaelekea kutimiza miaka 18, alivuka bahari na baiskeli yake hadi Ufaransa. Alifikia Dinard kwa familia iliyomjua tangu utotoni, na kutoka hapo akazunguka Brittany kutazama ngome na makanisa, sehemu ya safari akiwa na Beeson. Mwaka uliofuata alirudi, safari hii kwa muda akiwa na baba yake. Wakafika Château Gaillard, ngome iliyosimama juu ya mto Seine, ambayo mfalme Richard wa Uingereza aliijenga kwa haraka ya ajabu kati ya mwaka 1196 na 1198, na ambayo Wafaransa waliiteka mwaka 1204. Kijana aliizunguka, akaipanda, akapiga magoti kupima unene wa kuta. Mtalii wa kawaida huangalia mandhari akaridhika. Yeye aliuliza aliyeujenga mnara huu alimwogopa nani, na adui angepita wapi.

Lakini safari iliyo kubwa ni ile ya kiangazi cha mwaka 1908. Alikuwa mwanafunzi wa historia katika Jesus College, Oxford, na alitaka kuandika tasnifu juu ya ngome za zama za vita vya msalaba. Akaondoka peke yake. Alizunguka Ufaransa kiasi cha maili 2,400, yaani karibu kilomita 3,860. Kwa kulinganisha, mtu wa Bujumbura angeweza kwenda Dar es Salaam na kurudi, na bado akabakiwa na njia ndefu ya kwenda.

Njia yake ilipita mashariki mwa Paris, ikashuka katika nchi ya milima ya Auvergne, ikafuata bonde la mto Rhône hadi kusini. Chakula chake kilikuwa mkate, maziwa na matunda. Usiku alilala katika hoteli ndogo za vijijini. Siku nyingine alikwenda mbio kama mtu anayedaiwa, kisha akifika penye ngome aliegemeza baiskeli ukutani, akatoa kamera, penseli na kipimo, akasahau saa. Anayesema safari ya baiskeli ni ya polepole hajakosea, ila upole wenyewe hauko kwenye pedeli. Uko pale unaposhuka. Gari moshi lingemfikisha kwenye miji mikubwa tu. Ngome alizozitaka zilikuwa mashambani, juu ya majabali, ambako reli haikuwa na haja nako. Kwa miguu asingeyamaliza yote kabla ya masomo kufunguliwa. Baiskeli ilikuwa kipimo chake kamili, kama ilivyo kwa mfanyabiashara wa mpakani ambaye mzigo wake ni mkubwa kwa kichwa na mdogo kwa lori.

Mwanzoni mwa Agosti alifika Aigues-Mortes, mji mdogo uliozungukwa na kuta, ambako mfalme Louis wa Tisa aliondokea na majeshi yake mwaka 1248. Hapo alioga katika bahari ya Mediterania. Katika barua kwa mama yake alieleza furaha iliyomshika, kwa kuwa aliona kwamba hatimaye amefika kwenye mlango wa kusini na mashariki. Akaendelea hadi Carcassonne, akapitia Châlus, ambako Richard yule yule alipigwa mshale uliomuua mwaka 1199, na mwishoni mwa mwezi akasimama katika kanisa kuu la Chartres, akaduwaa kwa uzuri wake.

Wasomi wa Oxford wakati huo walishikilia kwamba wajenzi wa Ulaya walijifunza ufundi wa ngome huko mashariki. Lawrence, kwa alichokiona Ufaransa, alianza kuamini kinyume chake. Ili athibitishe, mwaka 1909 alikwenda Syria na Palestina, na kwa kuwa njia za huko hazikufaa baiskeli, alitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 katika joto kali, akaona ngome 36. Aliugua malaria, akaibiwa na kupigwa. Mwaka 1910 akapata shahada ya daraja la kwanza. Wataalamu wa baadaye hawakuyakubali yote aliyosema, na kwa maoni yangu aliwatetea mno Wazungu wenzake. Lakini hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hakuziona kuta zenyewe.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nami nitayapita upesi. Alichimba mabaki ya kale huko Carchemish, akajua Kiarabu. Vita vilipozuka mwaka 1914 alipelekwa Cairo, na mwaka 1916 akapelekwa Hejaz kwa Amiri Faisal. Akaba ikaanguka Julai 1917, Dameski Oktoba 1918. Wadogo zake wawili, Frank na Will, walikuwa wameshauawa vitani mwaka 1915. Wakati Waarabu wakipigania uhuru walioahidiwa, Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimekwishagawana nchi hizo kwa siri mwaka 1916 katika mapatano ya Sykes na Picot. Lawrence aliyajua hayo na bado akawahimiza watu wapigane. Aibu hiyo haikumtoka. Wanaovuka kila juma mipaka iliyochorwa mezani na wageni hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Baada ya vita alikimbia sifa. Mwaka 1922 aliingia jeshi la anga kama askari wa cheo cha chini kwa jina la Ross, baadaye akajiita Shaw. Mtoto aliyelelewa chini ya jina la kubuni alijibunia mengine mawili.

Siku alipoachiliwa jeshini, tarehe 26 Februari 1935, alikuwa katika mji wa Bridlington, pwani ya mashariki ya Uingereza. Alikuwa na pikipiki za Brough Superior, saba kwa nyakati tofauti, na alizipenda kwa kasi zake. Lakini siku ile aliondoka kwa baiskeli. Ipo picha yake: ameketi juu yake, skafu shingoni, mtu wa miaka 46 anayeanza safari ya kusini bila haraka. Alikusudia kumpitia mwandishi Frederick Manning. Akiwa njiani akapata habari kwamba Manning amefariki, akageuza njia. Kijumba chake cha Clouds Hill, huko Dorset, kilikuwa kimevamiwa na waandishi wa habari, ikambidi akae mbali nacho kwa muda.

Tarehe 13 Mei 1935 alikwenda kwa pikipiki katika kambi ya jirani kupeleka telegramu. Akirudi, mahali barabara inapobonyea, alikuta ghafla mbele yake wavulana wawili juu ya baiskeli. Alikwepa, akarushwa. Mvulana mmoja aligongwa akaumia kidogo, mwenzake hakuguswa. Lawrence hakuzinduka tena, akafariki tarehe 19 Mei. Alizikwa Moreton, na Winston Churchill alikuwa miongoni mwa waombolezaji. Mwaka 1936 tasnifu yake ya ngome ilichapishwa kuwa kitabu.

Kichwani hakuwa amevaa kitu. Mmoja wa madaktari waliomhudumia, bingwa wa upasuaji wa ubongo aitwaye Hugh Cairns, alianza baadaye kuchunguza vifo vya wapanda pikipiki. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1941, na mwaka huo huo jeshi la Uingereza likaamuru askari wake wote wa pikipiki wavae kofia ngumu wakiwa kazini.